Kuijua Meksiko kwa Kuanzia Jikoni

Meksiko ndiyo nchi yenye watu wengi zaidi kati ya nchi zote zinazozungumza Kihispania. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 126, na ardhi yake inaizidi Tanzania mara mbili. Kaskazini ni jangwa, katikati ni nyanda za juu zenye baridi ya asubuhi, kusini ni misitu ya joto. Yako majimbo 31 pamoja na mji mkuu unaohesabiwa kama jimbo la 32, na ziko lugha 68 za wenyeji ambazo sheria ya mwaka 2003 inazitambua kuwa lugha za taifa sawa na Kihispania. Anayeiendea nchi ya namna hii akiwa na orodha ya vivutio hurudi na picha nyingi na uelewa haba. Njia yenye faida zaidi ni kushika kitu kimoja ambacho Wameksiko wenyewe hukigusa kila siku, kisha kukifuata hadi kwenye lugha, adabu, sikukuu na historia yao. Kitu hicho ni hindi, na msomaji wa Afrika Mashariki ana bahati, maana sehemu ya somo hili imo tayari sufuriani mwake.

Hindi na chokaa

Mahindi yalianza kulimwa kusini-magharibi mwa Meksiko, kwenye bonde la mto Balsas, yapata miaka 9,000 iliyopita. Wakulima wa huko walianza na nyasi ya porini iitwayo teosinte, yenye suke dogo la punje chache zilizofungwa ndani ya ganda gumu. Wakawa wanateua mbegu, kizazi baada ya kizazi, mpaka likapatikana hindi lenye safu za punje zilizo wazi. Afrika Mashariki iliupata mmea huo kuanzia karne ya 16 kupitia Wareno, na jina lake la Kiswahili linaelekeza India, mahali ambapo haukuzaliwa.

Mmea ulisafiri, lakini ujuzi wa kuupika ulibaki nyumbani. Mpishi wa Meksiko huchemsha mahindi makavu jioni katika maji yaliyotiwa chokaa kidogo, akayaacha yalale humo usiku kucha. Asubuhi ganda la nje la punje huwa limelainika na kubambuka. Anayaosha, anayasaga yakiwa mabichi na maji yake kwenye jiwe liitwalo metate, au anayapeleka kwenye kinu cha mtaa, na kinachotoka ni donge laini linaloitwa masa. Mahindi yaliyopitia chokaa huitwa nixtamal, neno la Kinahuatl lililoundwa kutokana na maneno ya majivu na tamal, kwa kuwa majivu nayo hufanya kazi ileile ya chokaa.

Chokaa haitiwi kwa ajili ya ladha tu. Ndani ya hindi mna vitamini ya niasini iliyofungika kiasi kwamba tumbo la binadamu haliwezi kuipata, na chokaa ndiyo inayoifungua. Watu wa nchi nyingine walipochukua mahindi bila chokaa na kuyafanya chakula chao pekee, waliugua pelagra, ugonjwa wa ngozi kubabuka, kuhara na kuvurugika akili. Daktari Gaspar Casal aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1735 miongoni mwa maskini wa Asturias, Hispania, na mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua maelfu kusini mwa Marekani. Wakulima wa Meksiko hawakuupata kwa kiasi hicho, ingawa hindi lilikuwa mlo wao asubuhi, mchana na jioni. Anayeuelewa usiku mmoja wa mahindi ndani ya chokaa ameelewa kwa nini jiko la Meksiko lastahili heshima ya maabara, na kwa nini UNESCO iliyaingiza mapishi ya asili ya nchi hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010.

Donge la masa hutandazwa kuwa duara jembamba na kuokwa juu ya kikaango bapa kiitwacho comal. Hiyo ndiyo tortilla. Kila mtaa una tortillería, duka dogo lenye mashine inayotoa tortilla za moto, na kuanzia adhuhuri foleni hupangwa mlangoni. Huuzwa kwa kilo na kufungwa kwenye karatasi, au mteja huja na kitambaa chake. Maduka mengi siku hizi hutumia unga wa kiwandani. Yale yanayosaga nixtamal yao wenyewe hulitangaza jambo hilo ukutani. Somo bora la siku ya kwanza ni kununua nusu kilo (medio kilo) katika duka la aina ya kwanza na nusu nyingine katika la aina ya pili, kisha kuzila zote mbili na chumvi tu. Tofauti haihitaji mwalimu.

Tortilla huliwa kama ugali unavyoliwa: mkono hukata kipande, kipande huzoa mchuzi au maharage. Ikikunjwa na kitoweo ndani huitwa taco, nayo haikatwi kwa kisu wala haichomwi kwa uma. Huinuliwa kwa vidole na kichwa huinamishwa upande. Masa ileile ikitiwa mafuta, ikajazwa nyama au pilipili na kufungwa katika maganda ya hindi au majani ya mgomba kisha ikapikwa kwa mvuke, huwa tamal. Ikikorogwa kwenye maji ya moto pamoja na sukari na mdalasini huwa atole, uji wa asubuhi. Punje nzima za nixtamal zikichemshwa na nyama mpaka zichanue huwa pozole, mlo wa sherehe. Barabarani kuna elote, hindi bichi la kuchemsha au kuchoma linalopakwa ndimu, chumvi na unga wa pilipili. Mtu aliyewahi kununua hindi la kuchoma penye kituo cha basi Morogoro au Nakuru hatahitaji kuelezwa, isipokuwa kwamba muuzaji wa Meksiko atauliza pia kuhusu mayonezi na jibini.

Shamba la asili linalozaa vyote hivi huitwa milpa. Mahindi, maharage na maboga hupandwa pamoja: bua humbeba mharage, mharage hurutubisha udongo, majani ya boga hufunika ardhi isikauke. Kilimo mseto cha namna hii kinaonekana pia kwenye vilima vya Afrika Mashariki. Meksiko ina aina asilia 59 za mahindi, nyeupe, njano, nyekundu, buluu na karibu nyeusi, na rangi hizo si pambo, kwani kila jamii hujua ipi ni ya tortilla, ipi ya pozole na ipi ya kinywaji. Huko Texcoco, karibu na mji mkuu, ndiko kuliko makao ya CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoanzishwa mwaka 1966, ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi pamoja na watafiti wa Kenya kutafuta mbegu zinazostahimili ukame na magonjwa. Safari ya hindi kutoka Meksiko kwenda Afrika, kwa hiyo, bado inaendelea.

Ratiba ya mlo nayo ni ya kujifunza. Mlo mkuu, comida, huliwa kati ya saa 8 mchana na saa 10. Mgeni anayetafuta chakula cha mchana saa 6 atakuta viti vimepinduliwa juu ya meza. Migahawa midogo iitwayo fonda hutoa comida corrida, yaani mlo kamili wa bei moja: supu, wali au tambi, kitoweo, tortilla na maji ya matunda. Hapo ndipo wafanyakazi wa ofisini na mafundi hukaa meza jirani, na hapo ndipo nchi inapoonekana vizuri kuliko kwenye hoteli yoyote. Swali la lazima ni ¿pica?, yaani "inawasha?" Jibu la "hapana" lipokelewe kwa kukumbuka kwamba limepimwa kwa ulimi wa Mmeksiko. Maji ya bomba hayanywewi. Nyumba na ofisi hutumia madumu makubwa ya maji yaliyosafishwa.

Lugha yenye irabu tano

Mzungumzaji wa Kiswahili huanza Kihispania akiwa mbele ya Mwingereza na Mfaransa. Irabu ni zilezile tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa vilevile. Neno linaloishia kwa irabu kwa kawaida hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili. Herufi ñ ni "ny", ll hutamkwa kama "y", h haitamkwi kabisa, na j hutoka kooni karibu na "kh" ya mashekhe. Katika Meksiko z, na pia c inayofuatwa na e au i, husomwa "s", tofauti na Madrid. Herufi x ndiyo yenye vituko: México ni "Mehiko", Oaxaca ni "Wahaka", lakini Xochimilco ni "Sochimilko".

Msamiati nao una milango ya siri. Kihispania kilikaa na Kiarabu kwa karne nyingi, na Kiswahili vilevile, kwa hiyo azúcar na sukari ni ndugu, na hasta ya Kihispania, yenye maana ya "mpaka", imetokana na ḥattā ileile ya Kiarabu iliyokipa Kiswahili neno hata. Kwa upande wa Wareno, jamaa wa Wahispania, Waswahili walipokea meza, bendera na mvinyo. Mmeksiko husema mesa, bandera na vino. Na chokoleti na avokado ni maneno ya Kinahuatl, lugha ya Waazteki, yaliyozunguka dunia nzima. Kinahuatl hakijafa. Zaidi ya watu milioni moja na nusu hukizungumza hadi leo, na Kimaya cha rasi ya Yucatán kina wasemaji mamia ya maelfu. Mgeni atakayejifunza salamu moja ya lugha ya wenyeji wa mahali anapokwenda atafunguliwa milango ambayo Kihispania peke yake hakiifungui.

Kwa masomo rasmi, chuo kikuu cha taifa, UNAM, kina kituo cha kufundisha wageni, CEPE, ambacho chanzo chake ni shule ya majira ya joto ya mwaka 1921. Kwa mazoezi ya sikio nyumbani, tamthilia za Meksiko, ambazo zimeoneshwa sana kwenye televisheni za Kenya na Tanzania, zinafaa zikitazamwa kwa sauti yake ya asili. Zina kasoro moja kubwa inayopaswa kujulikana mapema: majumba ni ya matajiri, na nyuso za weupe ni nyingi kuliko zinavyoonekana barabarani. Filamu ya Roma ya Alfonso Cuarón (2018) ni dawa ya upotofu huo. Mhusika wake mkuu, mfanyakazi wa ndani, ameigizwa na Yalitza Aparicio wa Oaxaca, na ndani yake husikika Kihispania pamoja na Kimixteki.

Salamu, majina na saa

Adabu ya Meksiko inamfaa mtu aliyelelewa kwa shikamoo. Haingiwi dukani, kwenye lifti wala kwenye chumba cha kungojea bila buenos días asubuhi, buenas tardes baada ya saa 6 mchana, au buenas noches usiku. Anayepita karibu na watu wanaokula, hata wasiojulikana, husema provecho, yaani awatakia mlo mwema, na asiposema huonekana hakufunzwa. Anayetaka kupita mbele ya mtu husema con permiso. Wazee, wakubwa wa kazi na watu wasiojulikana huambiwa usted, "wewe" ya heshima. Rafiki na mtoto huambiwa tú. Kwa wingi husemwa ustedes kwa wote, kwani vosotros ya vitabu vya Hispania haitumiki. Mzee hutajwa kwa jina lake la kwanza likitanguliwa na don au doña. Mhudumu wa mgahawa, hata mwenye mvi, huitwa joven, "kijana".

Neno moja linastahili kutua kidogo. Mtoto akiitwa na mama yake, na mtu mzima asiposikia alichoambiwa, hujibu ¿mande?, kwa maana ya asili "niamuru". Wapo Wameksiko wanaoliona kuwa mabaki ya ukoloni na kuwakataza watoto wao kulitumia. Wengi zaidi hulitumia kama naam na abee zinavyotumika pwani, kuonesha kwamba mtu yuko tayari kusikiliza. Mgeni afuate desturi ya nyumba aliyomo.

Ahorita ni "sasa hivi" ndogo zaidi, na kama "sasa hivi" ya Kiswahili, huweza kuwa dakika mbili au alasiri nzima. Mwaliko wa chakula wa saa 2 usiku haumaanishi saa 2 kamili. Kufika kabla ya saa ni kumkuta mwenyeji bado anaoga. Mazungumzo ya kazi, ofisi na hospitali hayana ulegevu huo. Mwenyeji akisema "karibu nyumbani kwako" akimaanisha kwake, su casa, hajakosea. Hiyo ndiyo lugha ya ukarimu, na jibu ni shukrani. Bili ya mgahawa haiji mpaka iombwe, la cuenta, por favor, kwa sababu kumletea mtu bili bila kuulizwa ni kumfukuza. Bakshishi ya kawaida ni asilimia 10 hadi 15.

Kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la kwanza kwa desturi la baba na la pili la mama, na mwanamke akiolewa habadilishi yake. Undugu wa damu si ndio pekee unaofunga watu. Mtoto akibatizwa, wazazi wake na wasimamizi wa ubatizo huwa compadres na comadres, uhusiano wenye wajibu wa kweli wa kusaidiana katika harusi, msiba na mkopo. Anayetaka kuelewa ni nani atamwitikia nani katika kijiji aulize kwanza nani ni compadre wa nani.

Mwaka na sikukuu zake

Januari 6, siku ya Wafalme Watatu, familia hukata mkate wa mviringo, rosca, wenye kidoli kilichofichwa ndani. Atakayekipata kwenye kipande chake atawapikia au kuwanunulia wenzake tamales Februari 2. Hindi limerudi tena mezani. Usiku wa Septemba 15 rais hupiga kengele kwenye roshani ya Ikulu ya Taifa kukumbuka wito wa padri Miguel Hidalgo wa mwaka 1810 uliowasha vita vya uhuru, vilivyomalizika mwaka 1821. Septemba hiyohiyo huliwa chiles en nogada, pilipili kubwa zilizojazwa nyama, zikafunikwa mchuzi mweupe wa jozi na punje nyekundu za komamanga: rangi za bendera kwenye sahani. Desemba 12 mamilioni ya mahujaji humiminika kwenye kanisa la Bikira wa Guadalupe katika mji mkuu, na tangu Desemba 16 mpaka mkesha wa Krismasi mitaa hufanya posadas, maandamano ya kuomba nafasi ya kulala kama Yosefu na Mariamu.

Sikukuu inayotangazwa zaidi duniani, na kueleweka vibaya zaidi, ni Siku ya Wafu, Novemba 1 na 2. Kiini chake hakiko barabarani. Maandamano makubwa ya mji mkuu yenye mafuvu makubwa yalianza mwaka 2016 tu, baada ya filamu ya James Bond kuyabuni kwenye sinema mwaka mmoja kabla. Kiini kiko nyumbani, juu ya meza iitwayo ofrenda. Hapo huwekwa picha za marehemu, mishumaa, ubani wa copal, maji kwa kuwa wametoka safari ndefu, chumvi, mkate maalumu wa siku hiyo, na chakula ambacho kila mmoja alikipenda: bakuli la mchuzi wa mole kwa bibi, tamales kwa baba, peremende kwa mtoto aliyefariki mdogo. Maua ya rangi ya chungwa ya cempasúchil hunyunyizwa kutoka mlangoni hadi mezani ili wafu waione njia. Kwa desturi ya sehemu nyingi watoto hufika Novemba 1 na watu wazima Novemba 2. Makaburini familia husafisha makaburi, hupanga maua na kukesha pamoja na wapendwa wao, penye vyakula na mara nyingi muziki.

Mtu aliyekulia penye matambiko atalitambua wazo la chakula kinachowaunganisha waliopo na waliotangulia. Aliyekulia mbali na matambiko atafaidika akilitazama kama ziara ya jamaa kuliko kama mchezo wa kutisha. Mafuvu ya sukari na mifupa inayocheka haikejeli msiba wa mtu. La Catrina, mifupa ya mwanamke mwenye kofia pana, ilichorwa na José Guadalupe Posada, aliyefariki mwaka 1913, kuwabeza walioficha asili yao na kuiga Ulaya. Kisiwa cha Janitzio huko Michoacán na Mixquic pembeni mwa mji mkuu vina umaarufu na msongamano wake. Makaburi ya vijiji vya Oaxaca huwa na nafasi zaidi ya utulivu. Mgeni huenda na maua au mishumaa mkononi, huomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na hukaa pale anapokaribishwa.

Mji uliojengwa juu ya mji

Historia husomwa vizuri zaidi kwa miguu kwenye uwanja mkuu wa mji mkuu, Zócalo. Hapo palikuwa katikati ya Tenochtitlan, mji wa Waazteki uliojengwa juu ya kisiwa ndani ya ziwa, ambao kwa simulizi zao ulianzishwa mwaka 1325. Hernán Cortés na Wahispania wake, wakiwa pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala waliokuwa maadui wa Waazteki, waliuteka Agosti 13, 1521. Mawe ya mahekalu yakajenga makanisa. Mwaka 1978 mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba karibu na kanisa kuu waligonga jiwe kubwa lililochongwa mungu wa kike Coyolxauhqui, na uchimbuaji uliofuata ukafunua hekalu kuu, Templo Mayor. Ndani ya hatua chache mtu huona hekalu, kanisa la kikoloni lililoinama kwa sababu udongo wa ziwa unadidimia, na Ikulu ya Taifa, ambamo Diego Rivera alichora historia nzima kwenye kuta za ngazi kati ya mwaka 1929 na 1935. Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia katika bustani ya Chapultepec, yaliyofunguliwa mwaka 1964, hayaishi kwa siku moja. Ni busara kuyapa asubuhi mbili. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu.

Mambo yaliyofuata uhuru yanaweza kushikwa kwa tarehe chache. Mwaka 1848, baada ya kushindwa vitani na Marekani, Meksiko ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake, na Mmeksiko wa leo akizungumzia jirani wa kaskazini hilo halimtoki kichwani. Benito Juárez, Mzapoteki aliyezaliwa kijijini Oaxaca, alikuwa rais na kuongoza mapambano dhidi ya uvamizi wa Wafaransa. Mapinduzi ya mwaka 1910 yalizaa katiba ya 1917 na ugawaji wa ardhi. Mwaka 1938 rais Lázaro Cárdenas alitaifisha mafuta. Oktoba 2024 Claudia Sheinbaum akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais.

Uwanja wa Tlatelolco, kaskazini kidogo, hauachwi nje ya ziara. Oktoba 2, 1968, siku kumi kabla ya Michezo ya Olimpiki kufunguliwa mjini humo, askari waliwapiga risasi wanafunzi na raia waliokusanyika hapo. Kitabu cha Elena Poniatowska cha mwaka 1971, La noche de Tlatelolco, kilikusanya sauti za walioshuhudia. Afrika Mashariki inaikumbuka michezo hiyohiyo kwa sababu nyingine. Mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi ya Nairobi, na hewa yake nyepesi haikuwashinda wakimbiaji wa nyanda za juu: Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000, na Kipchoge Keino akashinda mita 1,500. John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni, aliingia uwanjani na bandeji mguuni zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na akamaliza. Tukio hilo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na Wameksiko wenye umri mkubwa.

Anayesoma kabla ya safari aanze na Juan Rulfo. Vitabu viwili vyembamba, El llano en llamas (1953) na Pedro Páramo (1955), vinaeleza vijiji, ardhi na wafu kuliko rafu nzima ya vitabu vya safari. Octavio Paz, mshindi wa Nobel wa mwaka 1990, aje baadaye.

Njia ya kusini

Ubalozi wa Meksiko uko Nairobi, na masharti ya viza huulizwa huko mapema. Mji mkuu uko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tisa. Mvua hunyesha kuanzia Mei au Juni hadi Oktoba, mara nyingi alasiri. Siku mbili za kwanza ni za kupanda ngazi polepole kwa sababu ya mwinuko. Matetemeko makubwa yaliupiga mji Septemba 19 mwaka 1985 na tarehe hiyohiyo mwaka 2017. Vipaza sauti vya barabarani hutoa onyo sekunde chache kabla, na kila mtu hutoka nje bila kukimbia. Treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1969, ina mchoro kwa kila kituo, kwa hiyo hata asiyejua Kihispania huweza kushuka penye panzi au kengele. Mabasi ya masafa marefu ni mazuri. Usalama hutofautiana jimbo kwa jimbo, na mwenyeji ndiye wa kuulizwa; safari kati ya miji zifanywe mchana.

Kwa wiki tatu, njia inayofundisha zaidi ni ya kusini: mji mkuu, kisha Puebla yenye mole na vigae, kisha Oaxaca kwenye masoko ya mahindi ya kila rangi, kisha kushuka hadi bahari ya Pasifiki kwa barabara mpya iliyofunguliwa mwaka 2024. Kutoka Puerto Escondido barabara ya pwani huelekea magharibi, kupitia Pinotepa Nacional, ndani ya Costa Chica, nchi ya Wameksiko wenye asili ya Afrika.

Katika karne ya 16 Waafrika walikuwa wengi kuliko Wahispania katika koloni hili. Wengi waliletwa utumwani kupitia Veracruz, hasa kutoka Kongo na Angola, nchi za lugha za Kibantu. Wachache walikuja kwa upande wa pili, kwa merikebu za Manila zilizotua Acapulco, na miongoni mwao walikuwemo watu wa Msumbiji waliouzwa na Wareno. Yanga, mtoro aliyewaongoza wenzake kwenye milima ya Veracruz, alipigana na Wahispania mwaka 1609 mpaka wakakubali mji huru wa watu wake. Mji huo leo unaitwa kwa jina lake. Vicente Guerrero, rais mwenye damu ya Kiafrika, alifuta utumwa mwaka 1829. Hata hivyo katiba iliwatambua Wameksiko hawa mwaka 2019 tu, na sensa ya mwaka uliofuata ikawahesabu zaidi ya milioni 2.5. Ala ya marimba, inayopigwa Chiapas na Oaxaca, bado inaitwa kwa jina lake la Kibantu.

Katika mji wa Cuajinicuilapa, jimboni Guerrero, mna makumbusho madogo ya tamaduni za watu hawa, na wakati wa Siku ya Wafu vijiji vya jirani hucheza Ngoma ya Mashetani, vinyago vya ngozi na manyoya ya farasi usoni, taya la punda likigongwa kama ala. Nje ya makumbusho zimejengwa upya nyumba walizoishi wazee wa eneo hilo hadi katikati ya karne iliyopita: ukuta wa duara wa fito na udongo, paa la nyasi lililochongoka. Huko huitwa redondo. Mgeni kutoka Afrika Mashariki atakayeinama kuingia mlangoni atakuwa na jina lake tayari: msonge.